Wati tano na sikio la mjomba

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayenipata hapa gazetini kwa sababu saa ya kipindi ilikukuta kwenye foleni ya daladala, wiki hii naomba tuzungumze juu ya kelele.

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano, nikiishi Kilosa kwa mjomba wangu, kaka wa mama. Mjomba alikuwa amestaafu kazi ya ukarani wa simu katika reli. Nikisema simu sina maana ya hii iliyomo mfukoni mwako. Nasema ile ya waya, ya kugonga, ya nukta na mistari. Na ukitaka kujua, hilo neno simu lenyewe lilitufikia kutoka Uajemi, na maana yake ya asili ni waya. Wazee wetu waliposema "nimepata simu" walikuwa wameshika karatasi mkononi, na mara nyingi karatasi hiyo ilikuwa ya msiba.

Jioni moja mjomba alinipa kazi ya kutafuta matangazo ya Kiswahili kutoka ng'ambo. Nikawa nazungusha kitufe taratibu kwenye mawimbi mafupi. Kati ya stesheni na stesheni nikapita mahali penye kitu kama mkwaruzo unaokatika-katika. Nikaona ni uchafu tu wa hewani, nikaharakisha.

"Rudi nyuma, mjomba," akaniambia. Kwetu, kama unavyojua, mjomba na mpwa wote huitana mjomba.

"Hapa hakuna kitu, mjomba. Ni makelele."

"Nimesema rudi."

Nikarudi. Akanituma kwa jirani kuazima redio yake. Nilidhani mzee ameanza kuchanganyikiwa, lakini nikaenda. Redio ya jirani ilipofika, mjomba aliiweka ubavuni mwa ile ya kwetu, akaiwasha, akapunguza sauti yake mpaka mwisho, kisha akaanza kusogeza mshale wake kidogo kidogo. Mara ule mkwaruzo ukageuka mlio, ti-ta-ti-ta, mwembamba kama mbu aliye nje ya chandarua. Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uandishi wa habari, ndipo nilipoelewa alichofanya. Kila redio ya aina ile ina sehemu ndani yake inayotoa mitetemo yake yenyewe, na mitetemo ya redio ya pili ilipokutana na ile ya yule mgeni, zikazaa mlio ambao sikio la binadamu linaweza kuusikia.

Mjomba alikuwa amezoea mgongo wa chuma juu ya chuma, siyo mlio. Kwa dakika nzima alifumba macho. Kisha akachukua penseli akaandika pembeni mwa gazeti: CQ CQ CQ.

"Huyu ni mtu," akasema. "Anaita. Anauliza kama yupo yeyote anayemsikia."

Nikamuuliza kama tunaweza kumjibu.

"Kwa mdomo?" akacheka. Yule mtu aliita dakika chache zaidi, akafifia, akapotea. Mjomba akanirudishia kitufe nimtafutie matangazo yake.

Nimeikumbuka jioni ile kwa sababu ya kikao. Mwezi uliopita kituoni kwetu tulikaa saa tatu kujadili kuongeza nguvu ya mtambo wa kurushia matangazo. Zilitajwa kilowati, ukatajwa urefu wa mnara, ikatajwa bei ya dizeli ya jenereta. Nilikuwa mmoja wa waliozungumza sana. Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kwamba katika saa zile tatu hakuna aliyeuliza swali la yule mtu wa Kilosa, nami simo nje ya lawama hiyo. Hakuna aliyeuliza nani anatusikia, wala tunajuaje.

Basi leo nataka nikusimulie habari za watu ambao wameligeuza swali hilo kuwa mchezo, tena mchezo wenye kanuni na alama. Hao ni wanaredio wa ridhaa. Neno ridhaa unalijua kutoka kwenye ndondi: bondia wa ridhaa hapigani kwa malipo. Vivyo hivyo wapo watu duniani wenye leseni ya kurusha na kupokea mawimbi ya redio bila malipo na bila biashara, kwa ajili ya kujifunza na kuwasiliana. Miongoni mwao lipo kundi linaloshindana kwa kutumia nguvu ndogo kuliko ya balbu ya chumbani, kwa alama za Morse, na mara nyingi kwa mitambo waliyoiunda kwa mikono yao.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1912, miezi michache baada ya meli ya Titanic kuzama, Marekani ilitunga sheria ya redio. Hewa ilikuwa imejaa vurugu, na wanaredio wa ridhaa walihesabiwa kuwa wasumbufu wa meli na jeshi la majini. Sheria ikawaamuru wakae kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini. Wakati ule wataalamu waliamini kwamba wimbi likiwa refu ndivyo linavyofika mbali, na kwamba mawimbi mafupi hayana faida. Kwa maneno mengine, watu hawa walipewa jangwa wakaambiwa walime humo.

Walilima. Mwaka 1914 mhandisi wa mji wa Hartford, Hiram Percy Maxim, alishindwa kufikisha ujumbe katika mji wa Springfield, usiokuwa mbali hata kilometa 50. Akamwomba mwenzake aliyekuwa katikati ya safari aupokee na kuusogeza mbele. Kutokana na jambo hilo dogo akaanzisha chama cha wanaredio wa kupokezana ujumbe, ARRL, ambacho kipo mpaka leo. Jina Maxim si geni kwetu. Baba yake ndiye aliyetengeneza bunduki ya rashasha ya Maxim, ile ambayo wakoloni waliibeba walipokuja kuitwaa Afrika. Mtoto yeye alibuni kifaa cha kunyamazisha mlio wa bunduki, kisha akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwafundisha watu kusikilizana. Nyumba moja, kazi mbili.

Desemba 1921 chama hicho kilimtuma mtaalamu mmoja, Paul Godley, avuke Atlantiki na mashine ya kupokelea. Alipiga hema karibu na ufuko wa Ardrossan, Scotland, katika upepo na mvua ya majira ya baridi, akatandaza waya mrefu, akavaa vyombo masikioni, akasubiri. Kwa muda wa siku chache alisikia zaidi ya stesheni 20 za wanaredio wa ridhaa wa Marekani. Ulikuwa ushahidi kwamba jangwa lile linapitika.

Novemba 1923 hatua ya pili ikafuata. Léon Deloy wa mji wa Nice, Ufaransa, alizungumza kwa Morse na Fred Schnell wa Connecticut, huku na huko, juu ya bahari nzima, kwa wimbi la kama mita 100. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 18 Oktoba 1924, mfugaji wa kondoo wa New Zealand, Frank Bell, aliitwa na kujibiwa na kijana wa miaka 18, Cecil Goyder, aliyekuwa akitumia mtambo wa shule yake ya Mill Hill, London. New Zealand na Uingereza ziko pande mbili za dunia. Huwezi kwenda mbali sana zaidi ya hapo bila kuanza kurudi.

Inawezekanaje? Juu ya vichwa vyetu, kuanzia kama kilometa 60 na kwenda juu kwa mamia ya kilometa, mwanga wa jua huchaji hewa nyembamba kwa umeme, ikawa kama dari. Mawimbi mafupi yakiigonga dari hiyo kwa pembe inayofaa hupinda yakarudi ardhini, yakagonga tena bahari au nchi kavu, yakapanda tena. Mwanasayansi wa Uingereza, Edward Appleton, alianza kuipima dari hiyo Desemba 1924, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1947. Tazama tarehe hizo, ndugu msikilizaji. Wanaredio wa ridhaa walikuwa wameshapita chini ya dari ile kwa mitambo ya nyumbani kabla wataalamu hawajamaliza kuipima.

Baada ya hapo jangwa likageuka shamba la thamani. Serikali, mashirika ya simu na watangazaji wote wakayataka mawimbi mafupi. Katika mkutano wa kimataifa wa Washington mwaka 1927 wanaredio wa ridhaa waliachiwa vipande vyembamba tu. Wakabanana humo, na palipo na kubanana hapakosi kushindana. Nani ataongea na nchi nyingi zaidi kwa usiku mmoja? Yakazaliwa mashindano. Juni 1933 yakaanza yale ya kutoka nje na kuweka mitambo porini, kwa betri na jenereta, ili watu wawe tayari siku ya mafuriko au tetemeko. Hayo nayo yanafanyika kila mwaka mpaka leo.

Hapa ndipo ugonjwa wetu sisi wa kikao ulipoingia. Ukitaka kusikika kuliko jirani, njia rahisi ni kuongeza nguvu. Jirani naye akiongeza, unaongeza tena. Viwanda vikafurahi, vikauza vikuza nguvu vikubwa. Leo sheria ya Marekani inamruhusu mwanaredio wa ridhaa kufika wati 1,500. Mtu mwenye fedha hununua kila kitu dukani, akachomeka, akapiga kelele.

Lakini lugha yao ilikuwa tayari na dawa. Tangu 1912 mataifa yalikubaliana kutumia vifupisho vinavyoanza na herufi Q ili karani wa lugha yoyote aelewane na mwenzake. Kimojawapo ni QRP: punguza nguvu. Kikiwa na alama ya kuuliza kinakuwa ombi la adabu: je, nipunguze nguvu? Katika vita ya pili ya dunia neno hilo lilikuwa la uhai na kifo. Wapelelezi wa Uingereza waliojificha katika Ulaya iliyotekwa walipewa mashine ndogo iitwayo Paraset, yenye nguvu ya wati 5 hivi, kwa alama za Morse tu. Mtu alikaa darini na waya uliofichwa, akigonga kwa dakika chache na kunyamaza, kwa sababu magari ya Wajerumani ya kunusa mawimbi yalikuwa yakizunguka mitaani. Ng'ambo ya bahari palikuwa na msikilizaji aliyeilinda ile sauti ndogo saa na siku iliyopangwa. Bila sikio lile, wati 5 zile zisingekuwa na thamani yoyote.

Amani iliporudi, na transista iliyozaliwa katika maabara za Bell mwaka 1947 ilipoanza kuuzwa kwa bei ya mtu wa kawaida, wachache waliamua kulifanya QRP kuwa bendera. Mwaka 1961 kikaundwa Marekani chama chao. Mwanzoni kikomo chao kilikuwa wati 100, nao wakajiona wamejinyima sana. Baadaye wakashuka mpaka 5, na hicho ndicho kipimo kinachokubalika duniani. Mwaka 1974 kasisi mmoja wa Kianglikana, George Dobbs, aliyefariki mwaka 2019, alianzisha klabu kama hiyo Uingereza. Gazeti lao la kila robo mwaka wakaliita SPRAT, na neno hilo kwa Kiingereza ni jina la samaki mdogo anayefanana na dagaa. Nadhani umeelewa utani wao: bahari si ya papa peke yao.

Na kama ni samaki, yupo mwingine. Mei 1976 jarida la ARRL lilichapisha mchoro wa fundi wao maarufu, Doug DeMaw, wa mtambo wa kurushia uliojengwa juu ya kopo la jodari. Ndiyo, kopo. Ukishamaliza kula samaki, unaligeuza, unaunga juu yake transista mbili na vipande vingine vichache, unaweka betri na kipande cha fuwele cha kushikilia wimbi, basi. Nguvu yake haifiki nusu wati. Hapa kwetu kopo tupu linakuwa koroboi, na hatuoni ajabu. Kule lilikuwa redio ya kuvuka mipaka ya majimbo na nchi. Watu wa nchi nyingi waliliunda, na wengine wanaliunda mpaka leo.

Sasa mashindano yenyewe yanakwendaje? Chukua mfano huu. Ni usiku. Mtu ameketi mezani na kopo lake, waya umetupwa juu ya mwembe, vyombo viko masikioni. Anasikiliza kwanza. Anasikiliza sana, kwa sababu mwenye wati 5 hawezi kumfokea mtu. Lazima ajue nani yuko wapi, nani anamaliza mazungumzo, na pengo la kuingilia litatokea lini. Pengo likitokea, anagonga alama zake za utambulisho mara moja. Yule wa mbali akimsikia, anarudisha alama hizo. Hapo wanapeana taarifa: unasikika kiasi gani, uko jimbo au nchi gani, na namba yako ya uanachama au nguvu unayotumia. Kila mmoja lazima aipate taarifa ya mwenzake sawasawa. Ikikosewa inaombwa tena, hata mara tano. Kisha asante, na kwaheri. Yote hayo huenda yakachukua nusu dakika, au yakachukua dakika kumi za jasho.

Alama hutolewa kwa mahesabu ya kupendeza. Katika kanuni ambazo chama cha Marekani kimekuwa kikizitumia, aliye juu ya wati 5 alama zake hazizidishwi. Aliye kati ya wati 1 na 5 huzidishiwa mara 7. Akishuka chini ya wati 1 kizidishio huanzia mara 10, na akifika sehemu 55 za elfu za wati moja au chini yake ni mara 20. Na yapo mashindano ambayo huongeza alama kwa aliyejitengenezea mtambo mwenyewe. Maana ya kanuni hizo ni wazi. Kila unachokiacha nyumbani unalipwa kwa kukiacha, mradi uwe umesikika.

Utauliza, kwa nini Morse, wakati binadamu amepewa mdomo? Jibu ni la kifundi. Sauti ya mtu hewani inahitaji nafasi pana, kama mitetemo 2,500 kwa sekunde. Mlio wa Morse unatosheka na 150 hivi. Ndoo moja ya maji ukiimwaga uwanjani haitalowesha hata kifundo cha mguu. Ukiimimina kwenye mtungi mwembamba inapanda mpaka shingoni. Nguvu ileile ndogo, ikibanwa ndani ya mlio mmoja, inachomoza juu ya vurugu. Na sikio la mtu aliyefundishwa hulichambua pengo hilo kwa namna ya ajabu, kama mama anavyosikia mwanawe analia kati ya watoto ishirini.

Halafu ipo hesabu nyingine ambayo ningependa wenzangu wa kikao waisikie. Kwenye mita ya mashine ya kupokelea, ili mshale upande kipimo kimoja tu, anayerusha anatakiwa azidishe nguvu yake mara nne. Anza na wati 5. Kipimo kimoja juu ni wati 20. Cha pili ni 80. Cha tatu ni 320. Cha nne ni 1,280. Kutoka kwenye wati 5 za jirani mpaka kwenye mtambo wa tajiri, pamoja na bili yake yote ya umeme, ni vipimo vinne vya mshale. Yaliyobaki ni waya mzuri, saa inayofaa, na subira.

Sitaki nikudanganye kwamba nguvu ndogo hushinda siku zote. La hasha. Kuna usiku ambapo dari ya juu imelala na mtu anaita mpaka alfajiri bila kupata jibu. Jua lenyewe lina mzunguko wake wa miaka kama 11, na miaka ya chini huwa ya ukame. Mwenye wati 1,500 hupenya pale ambapo mwenye 5 hapenyi. Siku ya maafa, mtu akiita msaada, hakuna atakayemwambia apunguze nguvu. Kanuni za redio zenyewe zinasema tu mtu asitumie nguvu zaidi ya ile inayohitajika. Wale wa kopo wameligeuza agizo hilo kuwa swali: inayohitajika ni kiasi gani hasa? Na wamegundua kwamba mara nyingi ni ndogo sana kuliko tunavyodhani.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba Morse ilishatangazwa marehemu. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa usalama baharini, wa setilaiti na mitambo ya kujiendesha, ulianza kutumika kikamilifu, na makarani wa redio melini wakafungasha. Mwaka 2003 mkutano wa kimataifa wa Geneva uliziachia nchi uhuru wa kutomtahini Morse mwombaji wa leseni ya ridhaa. Marekani ikaufuta mtihani huo Februari 2007. Wengi walidhani imekwisha. Lakini ingia leo kwenye mawimbi mafupi mwishoni mwa Novemba, siku mbili za mashindano makubwa ya dunia ya Morse, na utakuta hewa imejaa kama soko la Kariakoo mkesha wa sikukuu. Kumbe jambo likiacha kuwa lazima, wanaobaki nalo ni wale wanaolipenda.

Nasi je? Mlango uko wazi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa leseni za redio ya ridhaa, na alama za Tanzania huanza na 5H, kama za Kenya zinavyoanza na 5Z na za Uganda 5X. Wala usije ukawasha mtambo bila leseni ukasema umenisikia mimi. Lakini wachache wameingia mlangoni humo, wakati mikono tunayo. Nenda Gerezani uone bati linavyogeuzwa. Nenda kwa fundi simu yeyote mtaani, kijana asiyekuwa na cheti, uone anavyoshika kipande kidogo kuliko punje ya mchele na kukiunga kwa risasi bila kutetemeka. Kijana huyo anajua kutengeneza kilichotengenezwa na mwingine. Hajapata kuambiwa kwamba anaweza kuunda chake, akakiwasha, na mtu wa Japani akamjibu.

Kuna jambo moja katika mchezo huu ambalo limenikera tangu nilielewe, na ndilo lililonifanya nikuletee habari hizi. Katika mashindano yale, kuita hakuna alama. Unaweza kuita usiku kucha kwa mtambo wa gharama yoyote, na karatasi yako ikabaki tupu. Alama hupatikana pale tu mwingine alipokusikia, akaandika jina lako sawasawa katika daftari lake. Wasimamizi huyalinganisha madaftari. Usipokuwemo katika lake, hata kama yumo katika lako, hesabu inafutwa.

Mimi nimetangaza zaidi ya miaka ishirini. Ninajua mtambo wetu una nguvu kiasi gani. Daftari la upande wa pili sijaliona. Nasema juu ya bei ya sembe, juu ya maji, juu ya barabara, nasema vizuri, nazima kipaza sauti, naenda kunywa chai. Hesabu yangu yote ni ya kuita. Na sisi watangazaji si peke yetu. Kiongozi anayeongezewa vipaza sauti uwanjani, mhubiri anayefunga spika juu ya paa, mzazi anayepandisha sauti, wote tunaongeza wati. Ni mara chache tunauliza kama jina letu limeandikwa.

Mjomba alifariki mwaka 2004. Mara mbili katika uhai wake alijitolea kunifundisha kugonga. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nikachoka kwa siku mbili. Mara ya pili nilikuwa nimeshapata stashahada yangu, nikamjibu kwa ujuzi wote wa kijana aliyesoma: "Mjomba, siku hizi itanisaidia nini?" Hakubishana. Aligonga kitu kifupi juu ya meza kwa kidole, akaniangalia kama anayesubiri, kisha akaomba aletewe chai. Mpaka leo sijui alisema nini. Alikuwa ananiita, nami nikapita kama nilivyopita ule mkwaruzo wa Kilosa.

Katika kikao kijacho nitapendekeza kwamba kabla ya kununua kilowati nyingine, tutoke na daftari twende Mbagala, Manzese na Kibaha, tuwaulize watu wanachokumbuka katika tulichosema jana. Pengine nitachekwa. Na kila usiku baada ya taarifa ya habari nimeanza kujifunza nukta na mistari, nikigonga kwa kijiko juu ya meza mpaka watoto wanalalamika. Nimefika herufi ya kumi na moja. C na Q zimo.